Somo la Kapasita Nililolifuta

Vuta stuli, wewe unayechukua karakana yangu, unisikilize kidogo kabla hujaanza kuhesabu pasi za kuyeyushia risasi. Utazikuta saba. Mbili hazipati moto kabisa, na moja hupata moto inapotaka yenyewe. Hayo nimeyaandika kwenye karatasi ya makabidhiano. Haya ninayokuambia sasa hayana safu kwenye karatasi ile.

Nimefundisha elektroniki hapa Sumbawanga tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Vyeo nilivyopandishwa nitaviacha, kwa sababu havikunifundisha kitu. Walionifundisha ni mafundi, vifaa vibovu na wanafunzi. Na mmoja kati ya wanafunzi hao alinifundisha kwa gharama ambayo hakuna mwalimu angeikubali.

Kabla sijawa mwalimu nilikuwa kwa Mzee Pius, fundi wa redio aliyekuwa na kibanda nyuma ya soko. Siku ya kwanza hakunipa bisibisi. Alinipa brashi, akaniambia nitoe vumbi kwenye redio kumi na moja. "Usiyejua vumbi la redio hujui redio," alisema. Mwezi wa sita, upepo wa huku juu unapokata masikio, alikuwa anaweka jiko la mkaa chini ya meza ili tupashe vidole kabla ya kuunganisha waya, maana mkono unaotetemeka huacha risasi imekaa juu juu tu, na kiungo cha namna hiyo huachia mteja akishafika nyumbani. Hilo bado ni kweli. Wanafunzi wako wakiwa na baridi, wape dakika tano za jua.

Nilikuwa na miezi miwili kwake nilipofungua televisheni ya mwenye nyumba ya wageni. Ilikuwa imechomolewa tangu asubuhi na saa sita ilishapita. Nilipitisha kidole nyuma ya bodi, nikajikuta nimekaa sakafuni, ulimi una ladha ya chuma. Mzee Pius hakuinuka.

"Nani kakwambia imelala?"

"Imechomolewa, mzee."

"Mlango ukifungwa, waliomo ndani wametoka?"

Kisha akanikalisha, akanieleza kapasita ni nini, na hadi leo sijapata maelezo mazuri kuliko yale. Kapasita ni kama mtungi. Umeme ukija, unajaa. Ukifunga bomba, mtungi haumwagiki kwa sababu tu bomba limefungwa. Utabaki umejaa mpaka mtu aumwage, au mpaka maji yapate ufa wa kutokea. Anayeingiza mkono ndiye anayekuwa ufa.

Baadaye nilipoajiriwa chuoni niliyabeba maneno hayo. Somo la nane la kila mwaka lilikuwa la kapasita halisi: tunaijaza kwa betri, tunatoa betri, tunakwenda kunywa uji, tunarudi kupima. Wanafunzi walikuwa hawaamini. Walidhani mita imeharibika. Mmoja aliwahi kuipiga piga mezani ili irudi sifuri.

Shida yetu kubwa ilikuwa vipuri. Vilikuja kwa basi kutoka Mbeya, vimefungwa kwenye bahasha, na mara nyingi bahasha ilikuwa na kitu kingine. Niliagiza rezista za kuzuia mkondo, za thamani moja, zikaja za thamani nyingine. Niliagiza diodi, nikaletewa swichi za taa za chumbani. Darasa la watu ishirini lilikuwa linagawana taa ndogo sita. Mwanafunzi akiunguza moja, wenzake walimnunia hadi Ijumaa.

Ndipo zikaja kompyuta kumi, zilizotumika kwingine, na ndani yake programu ya kuiga saketi. Aliyenifundisha kuitumia ni Mwalimu Deodata wa kompyuta, ambaye kwa umri ni sawa na binti yangu wa pili. Siku ya kwanza alinipokea mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu. Leo wewe ndiye mwanafunzi. Na mimi huwa nachapa."

"Marahaba. Chapa polepole, mifupa ni ya zamani."

Programu yenyewe ni rahisi. Unachora betri kwenye kioo, unachora rezista, unachora taa, unaviunganisha kwa mistari, unabonyeza kuanza. Kompyuta inapiga hesabu za mkondo na taa inawaka pale pale. Mimi kwa ukaidi niliunganisha taa ndogo moja kwa moja na betri ya volti tisa, bila rezista ya kuilinda, nione itafanyaje. Ukatokea mchoro mdogo wa mlipuko. Nikarudisha kiti nyuma.

"Mwalimu," Deodata akasema akijifuta machozi ya kicheko, "hiyo haina moshi."

Niliipenda, sitaficha. Rezista hazikuisha. Taa iliyoungua ilirudi nzima. Mwanafunzi mwoga, yule ambaye zamani alikuwa anashika pasi kama anashika nyoka, sasa alijaribu mara hamsini kwa asubuhi moja. Nikatunga na msemo wa kuwatia moyo. Mtu akikosea, nilimpiga bega nikamwambia: "Simamisha, sifuri, anza upya." Maana ukibonyeza kusimamisha, saketi yote inarudi sifuri, kila kitu kinakuwa kama hakijawahi kuguswa. Wakaufanya wimbo. Walikuwa wanauimba hadi kwenye foleni ya chakula.

Mwaka mmoja kisanduku cha kapasita kilibaki na mbili, zote zimevimba vichwa, yaani zimekufa. Niliagiza, hazikuja. Nikaagiza tena. Wiki ya somo la nane ilipofika nikachukua kalamu nyekundu, nikalikata somo hilo kwenye ratiba, nikaandika pembeni: litafanyika kwa kompyuta.

Hapo naomba unifuatilie taratibu, kwa sababu ndipo penye kosa, na kosa lenyewe halionekani haraka. Kwenye kompyuta tulijaza kapasita vizuri sana. Tuliona mchoro wa volti ukipanda. Kisha tukabonyeza kusimamisha, na programu, kwa utiifu wake, ikaimwaga kapasita yote. Tulipoanza tena ilianza tupu. Ikawa hivyo kwa kila mwanafunzi, kila kompyuta, wiki nzima. Hakuna aliyeona kapasita ikibaki imejaa baada ya kuzima. Nami niliwazungukia nikiwapiga mabega.

Katika darasa lile alikuwemo Oswadi, wa kijiji cha Mollo, mwanamume wa miaka ishirini na minne aliyelima shamba la baba yake misimu kadhaa kabla ya kurudi kusoma. Alikuwa mwepesi kuliko mimi. Alichora kigeuzi cha kutoa umeme wa moja kwa moja kutoka umeme wa ukutani, akakipunguzia mawimbi hadi mstari wa volti kwenye kioo ukanyooka kama uzi wa fundi mwashi. Alimwekea kila mtu wa ukoo wao taa ya sola, isipokuwa shangazi yake, Bibi Skolastika, mjane aliyekaa nyumba ya jirani na kukataa katakata. "Huo umeme utakuja kukula," alimwambia mbele ya watu. Oswadi alitusimulia darasani akiigiza sauti yake, na sote tulicheka.

Mwezi wa nane walikwenda mafunzo kwa vitendo. Oswadi na mwenzake Gaudensia walipangiwa karakana ya kuchomelea vyuma hapa mjini. Siku ya Alhamisi mchana ililetwa mashine ya kuchomelea, zile ndogo za kisasa zinazobebwa kwa mkono, ambayo ilikuwa imegoma kutoa moto. Ndani ya mashine hizo kuna kapasita kubwa, na volti zake hupita mia tatu. Kwa kawaida kuna rezista ndogo inayozimwaga polepole mashine ikizimwa. Katika ile, rezista hiyo ilikuwa imepasuka. Hilo nililiona mwenyewe baadaye.

Gaudensia alinifuata karakana ya chuo Ijumaa asubuhi. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa.

"Alichomoa plagi, mwalimu. Akanionyesha plagi, kabisa. Nikamwambia, Osi, tusubiri fundi arudi. Akanicheka. Akasema, 'Gauda, anayeogopa mashine iliyochomolewa hajasoma.'"

"Kisha?"

"Akaimba ule wimbo." Alininyooshea kidole. "Wako. Akafika kwenye sifuri. Akaingiza mikono yote miwili."

Nilimuuliza kama aliteseka. Swali la kijinga, lakini ndilo lililotoka. Gaudensia alisema hapana, alianguka tu kama mtu aliyeitwa.

Alasiri Mkuu wa chuo aliniita. Alikuwa mtu mwema, na alikuwa anaogopa.

"Mzee, taarifa ni fupi. Mwanafunzi alifungua mashine bila idhini ya fundi. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Basi andika hivyo. Na kwenye msiba tukatoe pole, turudi. Tusianze mihadhara ya umeme pale."

Jumamosi tulimzika kwao Mollo. Padri alisema maneno mafupi. Baada ya mchanga, binamu yake aitwaye Credo alinijia, na nyuma yake wenzake wanne au watano.

"Mwalimu, tusaidie wewe uliyesoma. Mashine imechomolewa. Plagi iko mkononi mwa mtu. Umeme umetoka wapi?"

Nilikuwa na jibu. Nimelibeba kwenye kidole changu tangu kwa Mzee Pius. Credo alikuwa ameuliza swali zuri, swali ambalo ningempa mwanafunzi alama zote kwa kuliuliza tu. Nikamtazama Mkuu wa chuo aliyesimama karibu na gari, nikasema:

"Uchunguzi bado unaendelea, kijana wangu. Poleni sana."

Wageni wakisikia jina la mji wetu hupenda kututania habari za uchawi, na sisi tumezoea kucheka nao. Siku ile sikukumbuka kwamba mtu akinyimwa sababu ya kifo hakai bila sababu. Ataitafuta. Na palikuwepo maneno yaliyosemwa mbele ya watu: huo umeme utakuja kukula.

Jumapili baada ya misa Credo na wenzake walikwenda nyumbani kwa Bibi Skolastika. Walivunja mlango, wakamburuta nje, wakamwaga mtama na ulezi wake uani wakitafuta kitu ambacho hawakujua kina sura gani. Baba yake Oswadi alifika akiwa anakimbia, akasimama katikati, ndiyo maana yule bibi alibaki hai. Bodaboda ilimpeleka kijiji cha Kate kwa binti yake, mkono wake umefungwa kwa kanga.

Mimi nilisikia Jumatatu saa mbili, kutoka kwa Deodata. Alinikuta nasahihisha madaftari.

"Mwalimu, unajua wanasema nini Mollo?"

Alipomaliza kunieleza, nilifunga daftari. Kwenye kompyuta moja ya zamani isiyowaka, iliyokuwa kona ya karakana, nilitoa kapasita moja. Nimekaa nikifikiria mara nyingi jambo hilo. Miezi mizima nililia sina kapasita, na kompyuta mbovu ilikuwa imekaa pale na kapasita nzima kama kumi. Nilichukua betri ya volti tisa, taa ndogo nyekundu na rezista yake, nikaenda Mollo. Deodata alinifuata bila kuambiwa.

Mzee Anselmi, baba yake Oswadi, alikuwa amekaa kwenye benchi na wazee wengine. Credo na wenzake walikuwa ukutani, hawatazamani na mtu.

"Karibu, mwalimu."

"Asante, mzee. Nimekuja na jibu. Juzi nilikuwa nalo na sikulitoa."

Niliijaza ile kapasita kwa betri mbele yao. Kisha nikamwita Credo, nikampa betri.

"Weka mfukoni. Funga mkono juu yake. Sasa hapa mezani pana umeme?"

"Hapana."

"Una hakika?"

"Betri ninayo mimi, mwalimu."

Nikagusisha taa na kapasita. Ikawaka nyekundu, ikafifia, ikazima. Mwanamke mmoja jikoni alisema jina la Bikira Maria. Credo akatoa betri mfukoni akaitazama.

"Rudia."

Nikarudia. Safari hii nilingoja kwanza, nikawaeleza habari ya mtungi, polepole, kama nilivyoelezwa. Nikawaambia mashine ile ilikuwa na mitungi mikubwa, na ufa wa kumwagia ulikuwa umeziba. Kisha nikagusisha taa. Ikawaka tena.

Mzee Anselmi hakuwa anatazama taa. Alikuwa ananitazama mimi.

"Kwa hiyo jambo hili, mwalimu, wewe ulilijua."

"Nililijua."

"Tangu lini?"

"Tangu sijaoa."

"Na huwa mnalifundisha?"

"Ni somo la nane, mzee."

"Oswadi alilisoma?"

"Mwaka wake nililifuta."

Nilitegemea anipige, na ningesimama. Alisema tu, "Basi nenda ukamwambie dada yangu." Halafu akamgeukia Credo: "Na wewe utakwenda naye. Kwa miguu yako utaingia pale."

Tulikwenda Kate siku ile ile, Credo, Deodata na mimi. Bibi Skolastika alikuwa amekaa kwenye mkeka, mkono umefungwa vijiti vya kuunga mfupa. Credo alipiga magoti.

"Shikamoo, shangazi."

Hakuitikia. Mimi nikaeleza yote, nikatoa kapasita na taa. Alinizuia kwa mkono wake mzima.

"Rudisha mfukoni. Kwa hiyo walihitaji taa ya mwalimu ndiyo wanijue? Nimemwogesha huyu," akamwonyesha Credo, "na nimemwogesha yule. Nilimwambia umeme utamla kwa kuwa nilikuwa namwogopea. Nani hamwogopei mwanawe?"

"Turudi nyumbani, shangazi," Credo alisema. "Mlango nitautengeneza mimi."

"Utengeneze. Uhifadhie mahindi humo."

Hakurudi. Mzee Anselmi alimfuata mara mbili, akarudi peke yake. Mkono ulipona umepinda. Nimewahi kupita Mollo na kuona mlango mpya, umepakwa rangi vizuri, na nyuma yake magunia.

Taarifa niliandika kwa mkono wangu, ikiwa na somo la nane na kalamu nyekundu. Mkuu wa chuo aliisoma, akaiweka kwenye faili pamoja na ile fupi. Sikuitwa na mtu yeyote kuhusu ile ndefu. Ukitaka kuiona, faili ni la kijani, kabati la pili.

Likizo iliyofuata nilikaa na ile programu peke yangu. Ukibonyeza mara mbili juu ya kapasita hufunguka kidirisha, na ndani yake kuna nafasi ya kuandika volti ambazo kapasita inaanza nazo. Imewekwa sifuri, lakini unaweza kuandika mia tatu. Ilikuwepo siku zote. Programu haikunidanganya. Mimi ndiye sikufungua kidirisha.

Kwa hiyo usiitupe programu. Watoto wa Kate na Kabwe wasio na duka la vipuri watajifunzia hapo mambo ambayo mimi nilihitaji miaka kuyapata, na utafurahi kuwaona. Watie moyo wakosee humo. Lakini wimbo ule usiuruhusu darasani. Ukiusikia kwenye foleni ya chakula, kwa sababu bado wapo wanaoujua, mwite anayeuimba, umweleze nani aliuimba mwisho.

Na wewe mwenyewe, mara ya kwanza utakapoletewa mashine iliyochomolewa, fanya hivi mbele yao, bila haraka. Chomoa plagi na uiweke mahali unapoiona. Fungua kifuniko, usiingize kidole. Weka mita kwenye volti za umeme wa moja kwa moja, kipimo cha juu kabisa, na uipime kwanza kwenye betri nzima ujue haikudanganyi. Pima miguu miwili ya kila kapasita kubwa, mkono wako mmoja ukiwa mgongoni. Banio moja la mita liwe limeshikilia lenyewe. Ukiona zaidi ya volti chache, chukua taa ya kizamani ya waya, ile ya wati sitini ya umeme wa ukutani, yenye nyaya mbili zilizofunikwa vizuri, uziguse kwenye miguu hiyo na uhesabu hadi ishirini. Kisha pima tena kapasita ile ile, umsomeshe mwanafunzi namba kwa sauti. Ikiwa sifuri, gusa.